Matairi ya Gari la Kambi Kwenye Njia Panda ya Kibwezi

Gari la kambi, yaani vani ambayo viti vyake vya abiria vimeng'olewa ili kupisha kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na betri za umeme wa jua, lina mahitaji mawili yanayovutana: linatarajiwa kwenda kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu kama gari lolote la abiria, na papo hapo linabeba mzigo wake wote kila siku ya mwaka, liwe safarini au limeegeshwa. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa matairi yake ni mgumu kuliko ule wa matatu, ambayo abiria wake hushuka jioni, au wa pikapu, ambayo shehena yake hushushwa sokoni. Katika nchi zenye baridi wauzaji hujibu swali hili kwa kupendekeza matairi ya misimu yote, aina inayodaiwa kufaa wakati wa joto na wakati wa theluji bila mwenye gari kulazimika kubadilisha seti nzima mara mbili kwa mwaka. Uchambuzi huu unalipima pendekezo hilo katika mazingira ya Kibwezi, kusini mwa Kaunti ya Makueni, ambako misimu ipo lakini haifanani hata kidogo na ile iliyokusudiwa na waliobuni matairi hayo.

Kibwezi panafaa kwa kipimo hiki kwa sababu ni mahali ambapo njia za aina mbalimbali hukutana ndani ya mwendo wa saa chache. Barabara Kuu ya Nairobi hadi Mombasa hupita hapo, ikiwa imejaa malori mchana na usiku. Barabara ya Kitui huchepukia hapo kuelekea Ikutha na Mutomo, baada ya kuvuka Mto Athi. Upande wa magharibi zipo njia za kupandia Milima ya Chyulu, ambayo kilele chake hufikia mita 2,188, na kusini kidogo, kupitia Mtito Andei, msafiri huingia Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Hali hii si ya leo. Barabara ya mikokoteni ya ng'ombe iliyoanzishwa mwaka 1890 na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilitoka Mombasa hadi Kibwezi, kisha Kapteni Sclater akaiendeleza kuelekea Busia, na tangu wakati huo yeyote apitaye hapo amelazimika kuuliza ni gurudumu gani litakalomfikisha upande wa pili. Mwenye gari la kambi wa siku hizi, ambaye pengine amelala Makindu katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, anaweza kukanyaga lami yenye joto kali asubuhi, murramu adhuhuri na majivu ya volkano kabla ya jua kutua, yote kwa matairi yaleyale manne.

Historia ya matairi ya misimu yote inaeleza kwa nini sifa zake hazihami kirahisi kutoka nchi moja hadi nyingine. Wafini wa kampuni ya Nokian walitengeneza tairi la kwanza la majira ya baridi mwaka 1934, na kwa miongo kadhaa baadaye dereva wa nchi za kaskazini alilazimika kuwa na seti mbili, hadi Goodyear ilipotoa tairi lililoitwa Tiempo mwaka 1977 kwa madai kwamba lingetosha mwaka mzima. Tatizo lililokuwa likitafutiwa dawa lilikuwa la mpira wenyewe. Mchanganyiko wa mpira unaotumika kwa tairi la kiangazi huanza kukakamaa hewa inaposhuka chini ya takriban nyuzi 7 za Selsiasi, na mpira uliokakamaa haushiki barabara. Kwa hiyo tairi la baridi, na lile la misimu yote linaloliiga, hutumia mchanganyiko laini zaidi wenye silika nyingi, tena uso wake hukatwa mipasuo myembamba sana inayouma theluji. Alama zinazochorwa ubavuni mwa tairi zinafuata mantiki hiyohiyo. Herufi M+S, ambazo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya tope na theluji, huwekwa na mtengenezaji kwa kuzingatia umbo la michoro ya tairi bila kulazimika kufaulu jaribio lolote, ilhali alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake hutolewa kwa tairi lililopimwa juu ya theluji na kulishinda tairi la kulinganishia. Tofauti hiyo ni nzito kiasi kwamba Ujerumani, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, haikubali tena M+S peke yake kwa magari yanayoendeshwa katika hali ya barafu na theluji.

Huko Kibwezi, mji ulioko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, hata usiku wa Julai kipimajoto hakikaribii nyuzi 7. Kinachosumbua ni kinyume chake: lami nyeusi inayopigwa na jua la Februari inaweza kupita nyuzi 55, na mpira laini uliotengenezwa kwa ajili ya baridi hulainika zaidi juu yake, ukalika haraka, na vidole vya michoro yake vikawa vinayumba kila gari linapokata kona au kufunga breki. Mvua huja mara mbili, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba, na ile ya mwisho wa mwaka ndiyo wakulima wa Ukambani wanayoitegemea zaidi. Katikati yake ni miezi ya vumbi, mawe na miiba. Msafiri wa eneo hili kwa hiyo analipia, kila anaponunua tairi lenye alama ya theluji, uwezo asiouhitaji, na gharama yake ni upungufu wa uimara anaouhitaji. M+S nayo haimsaidii kuamua, kwa kuwa hata ile sehemu yake inayohusu tope haijawahi kupimwa kwenye tope, achilia mbali udongo mweusi wa Ukambani.

Ikiwa alama za misimu hazitoshi kuongoza uchaguzi, kinachopaswa kutangulia ni uzito, na hapa ndipo wenye magari ya kambi wengi hupotea, kwa sababu jicho huvutwa na michoro mikubwa ya tairi huku tarakimu ndogo zilizo ubavuni zikipuuzwa. Tairi la kawaida la vani za aina ya Toyota Hiace huandikwa 195R15C 106/104, ambapo 195 ni upana kwa milimita, R ni muundo wa nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na C ni alama ya tairi la magari ya biashara. Tarakimu 106 ni fahirisi ya uzito, nayo inamaanisha kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 950; 104, yaani kilo 900, hutumika tu pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja wa ekseli. Sasa na lilinganishwe na tairi la gari dogo la nyumbani, 195/65R15 lenye fahirisi 91. Upana unaoandikwa ni uleule, rimu ni ya kipenyo kilekile, na fundi akitaka atalifunga, lakini kikomo chake ni kilo 615. Ekseli ya nyuma inayobeba kilo 1,700, uzito usio wa ajabu kwa vani iliyogeuzwa nyumba, iko salama juu ya matairi mawili ya kwanza yenye uwezo wa jumla ya kilo 1,900, na imezidi matairi mawili ya pili kwa kilo 470.

Uzito huo huingia garini kidogo kidogo hadi mwenyewe hauoni. Lita 100 za maji ni kilo 100. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ukijumlishwa na chuma chake hukaribia kilo 27. Betri ya risasi ya saa-ampea 100 ni karibu kilo 30, na magari mengi huwa nazo mbili. Dumu la lita 20 za dizeli ni kilo 17 kabla ya kuhesabu dumu lenyewe. Kisha yapo makabati ya mbao, paneli za jua, hema la juu ya paa, na spea ya pili. Jambo linalofichika zaidi ni mgawanyo, kwa sababu seremala akiweka tangi, jiko na makabati upande mmoja ili kitanda kikae upande wa pili, tairi moja la nyuma hubeba sehemu kubwa kuliko mwenzake, na hesabu ya ekseli nzima huficha kwamba gurudumu hilo limeshafika kikomo. Gari la kambi lipimwe likiwa limejaa maji, mafuta na watu, kwenye mizani ya ghala la nafaka au ya machimbo ya kokoto, na pakiwezekana kila upande upimwe peke yake. Mwenye gari akiujua uzito huo, sehemu kubwa ya uchaguzi wa tairi huwa imekwisha.

Zipo pia herufi CP, ambazo Ulaya huwekwa kwenye matairi yaliyotengenezwa mahususi kwa magari ya kambi. Tairi la CP lina mwili ulioimarishwa kwa kudhaniwa kwamba litabeba uzito karibu na kikomo chake wakati wote, na huruhusu upepo wa hadi baa 5.5, sawa na psi 80, kwenye ekseli ya nyuma. Psi ni pauni kwa inchi ya mraba, kipimo kinachosomwa katika vituo vya mafuta vya Kenya. Ni tairi zuri kwa kazi yake, lakini saizi zake nyingi, kama 225/75R16, ni za vani za Kizungu kama Fiat Ducato, na huko Ukambani tairi lililopasuka ambalo mwenzake hapatikani huwa tatizo la siku kadhaa. Kwa vani iliyonunuliwa Kenya, tairi la C lenye fahirisi inayozidi uzito uliopimwa kwa asilimia 10 au zaidi linafanya kazi ileile.

Upepo ni nusu ya pili ya hesabu hiyohiyo, kwa kuwa mpira peke yake haubebi gari. Kinachobeba ni hewa iliyobanwa ndani yake, na kile kikomo cha kilo 950 ni kweli tu tairi linapokuwa na upepo lililopangiwa, ambao kwa tairi la aina hiyo ni karibu psi 65. Likipungukiwa, ubavu hupinda na kunyooka katika kila mzunguko, na kupinda huko huzalisha joto ambalo mpira, ukiwa kipitishi kibovu cha joto, hauwezi kulitoa kwa kasi linavyoingia. Mwishowe tabaka za mpira huachana na nyaya za chuma zilizo chini yake, na tairi hupasuka. Vipande vyeusi vya matairi ya malori vinavyotapakaa kandokando ya barabara kati ya Sultan Hamud na Mtito Andei ni ushahidi wa kanuni hii, na wanaolaumu jua peke yake wanamsingizia mshiriki mmoja wa kosa la watatu: jua, uzito na upepo pungufu. Upimaji hufanywa asubuhi kabla gari halijasogea, kwa sababu tairi la psi 65 huongezeka psi 2 hadi 3 kwa kila nyuzi 10 za joto, na dereva anayelipima adhuhuri, akaona limezidi, kisha akalipunguza, huondoka na tairi pungufu bila kujua. Desturi hiyo ya kutoa upepo kwa kuogopa joto imeenea sana, nayo huleta hasara ileile ambayo dereva anajitahidi kuikwepa.

Mvua inapofika hali hugeuka, ingawa kwa namna tofauti na inavyodhaniwa. Juu ya lami, manyunyu ya kwanza baada ya miezi ya ukame huchanganyika na mafuta, vumbi na unga wa mpira, yakafanya utando unaoteleza kuliko maji mengi yatakayofuata. Baadaye hatari huwa ni tairi kuelea, yaani maji kushindwa kutoroka kupitia mifereji ya tairi hadi gurudumu likapanda juu yake na kuachana na barabara. Watafiti wa NASA walionyesha katika kazi yao ya mwaka 1963 kwamba kasi ya kuelea kwa tairi lililoisha michoro, katika maji ya kina, hufuata kipeuo cha pili cha upepo wake: kwa psi 64 ni takriban kilomita 133 kwa saa, kwa psi 36 ni karibu 100, na kwa psi 25 hushuka hadi 83. Maana yake ni kwamba gari dogo lenye tairi kipara na upepo pungufu linaweza kuelea kwenye mwendo ambao sheria ya Kenya inauruhusu bila wasiwasi, huku vani yenye upepo kamili ikiwa na nafasi kubwa ya usalama. Vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji ya tairi huonyesha kina cha milimita 1.6 kilichobaki, na tairi lililofikia hapo, hata kama fundi anasema bado lina maisha, halifai kupitishwa Novemba.

Nje ya lami, maamuzi huhusu zaidi michoro na ubavu. Wauzaji hugawa matairi ya namna hii katika makundi matatu: HT, ya barabara kuu, yenye mifereji myembamba na mwendo wa kimya, AT, ya ardhi mchanganyiko, yenye vipande vikubwa kiasi na nafasi kati yake, na MT, ya matope, yenye meno makubwa yanayovuma juu ya lami na kunywa mafuta zaidi. Gari la kambi linalotumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye barabara ya Mombasa na ile ya Kitui halina sababu ya kufungwa MT, japo picha za safari huzipenda. Chaguo lenye mantiki ni AT ya wastani katika daraja la biashara, kwa sababu mpira wake wa kukanyagia ni mnene zaidi na hupunguza madhara ya miiba ya migunga, ambayo mara nyingi huzidi urefu wa sentimita 5 na hupenya tairi jembamba la HT kama sindano. Mwiba unaopita usoni huleta pancha inayozibika. Jiwe linalokata ubavu humaliza tairi, kwani ubavu hauzibwi kwa plagi wala kwa kiraka kinachoaminika.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya Chyulu na Tsavo Magharibi zihitaji akili ya peke yake. Ushauri unaotolewa kwa wasafiri wa jangwani, wa kupunguza upepo kwa theluthi moja ili tairi litandae juu ya mchanga, unafaa katika mito ya mchanga ya Kitui wakati wa kiangazi, na hufaa kiasi kwenye majivu laini ya volkano. Ukichukuliwa bila kupimwa hadi kwenye mawe makali ya lava, kama yale ya Shetani karibu na lango la Chyulu, unageuka kuwa hatari, kwa sababu tairi lililolegezwa hufutuka pembeni na kuweka ubavu wake pale ambapo mawe yanausubiri. Dereva mwenye kompresa ndogo anaweza kupunguza kwenye mchanga na kujaza tena kabla ya mawe. Asiyekuwa nayo afadhali abaki na upepo wa kati na mwendo wa polepole, avumilie mtikisiko wa vimatuta vya murramu.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wahandisi huuita udongo wa pamba, unastahili maneno machache tu, kwa kuwa jibu lake si la tairi. Ukilowa huvimba, hunata, na hujaza mifereji ya tairi la aina yoyote katika mizunguko michache, hata gurudumu likawa duara laini la tope. Vani inayoendeshwa na magurudumu mawili haina la kufanya ila kungoja jua. Mito iliyofurika ndiyo suala zito zaidi. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lilisombwa katika Mto Enziu, karibu na Mwingi katika Kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi ni zito mara kadhaa kuliko gari la kambi, na hakuna mchoro wa tairi unaoweza kuhesabiwa kuwa kinga dhidi ya maji yanayokwenda kasi juu ya daraja la chini.

Baada ya hayo linabaki soko. Kiwanda cha Nairobi kilichoanzishwa na Firestone na baadaye kikamilikiwa na Sameer Africa, watengenezaji wa matairi ya Yana, kilifungwa mwaka 2016, na sasa mnunuzi huchagua kati ya majina mengi yaliyoingizwa kutoka nje, mengine maarufu na mengine yasiyojulikana kabisa. Katika hali hiyo, tarehe ya kutengenezwa ina thamani kuliko jina. Tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza kwa herufi DOT ubavuni mwa tairi, kwa mfano 2319, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi jipya lililokaa dukani miaka minne juani si jipya tena. Gari la kambi huathirika zaidi kwa sababu huegeshwa muda mrefu: michoro hubaki mirefu huku mpira ukipasuka nyufa kwa jua na ozoni, hata mmiliki akadanganyika kwa kina cha mifereji. Michelin hupendekeza matairi yakaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na yabadilishwe yanapofikisha miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama yanaonekana mazima. Kwa jua la Makueni, kuusubiri mwaka wa 10 ni ujasiri usio na faida.

Suala la upatikanaji nalo huamua zaidi ya sifa za kwenye karatasi. Saizi inayotumiwa na matatu za abiria 14 ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi kando ya barabara kuu, na fundi wa pancha anaijua kwa mkono. Kwa hiyo anayenunua vani ya kugeuza kambi angefanya vyema kuichagua pia kwa kigezo cha rimu zake. Msafiri aliyeshuka kwa barabara kutoka Ulaya akiwa na matairi ya misimu yote yenye alama ya theluji halazimiki kuyatupa, mradi fahirisi ya uzito inatosha, lakini atarajie yaishe mapema kuliko alivyozoea, na mbadala wake autafute Nairobi au Mombasa, asingoje kuutafuta Ikutha.

Yakibadilishwa matairi mawili tu, wapo madereva wanaofunga mapya mbele kwa kuogopa tairi la usukani kupasuka, na hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, gari lililo zito nyuma likikosa mshiko nyuma kwenye lami iliyolowa huzunguka bila dereva kuweza kulirudisha, ilhali likikosa mbele huendelea moja kwa moja na hupungua kasi; matairi yenye michoro mirefu zaidi yakae nyuma, na yale ya mbele, yakiwa yamechakaa kiasi cha kutia hofu, yasiwepo garini kabisa. Spea iwe ya fahirisi ileile, ijazwe hadi kiwango cha ekseli ya nyuma kwa kuwa ni rahisi kutoa upepo kuliko kuutafuta, na ipimwe pamoja na mengine manne, kwani spea inayoning'inia chini ya vani hupigwa na mawe ya murramu miaka nenda rudi bila mtu kuitazama hadi siku inapohitajika.